Asali Chini, Pawabenki Juu

Swali la kwanza nililoulizwa uwanja wa ndege lilikuwa rahisi kuliko swali lolote la UE, na bado nilijibu uongo.

"Hilo begi la mgongoni umelifunga mwenyewe?" aliuliza dada wa kaunta.

"Ndiyo," nikasema.

Ukweli ni kwamba begi lile lilifungwa na bibi yangu, Sikonge, mkoa wa Tabora, siku tatu kabla ya safari, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda natafuna karanga. Bibi ndiye aliyenifungia begi la darasa la kwanza. Akanifungia tranka la bweni nilipokwenda kidato cha tano, na begi la kuja chuo pia alilifunga yeye. Kwa hiyo iliposikika kwamba mjukuu wake anapanda ndege, hakuna aliyebishana kuhusu nani atafunga. Katikati ya nguo zangu aliweka chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa asali ya nyuki wadogo hadi shingoni. Mdomo wa chupa aliukaza kwa nailoni na mpira wa tyubu ya baiskeli, halafu akaizungushia chupa nzima kipande cha khanga yake ya zamani.

Asali ile ilikuwa ya dada yangu. Dada anafanya kazi za ndani Muscat, Oman, na wakati huo alikuwa na mwaka wa nne hajarudi nyumbani. Sisi wawili tumelelewa na Bibi. Jina langu lilipotoka kwenye orodha ya wanafunzi wa kwenda kwenye kongamano la siku tano hukohuko Muscat, tena tiketi inalipwa na wafadhili, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yeye. Akanijibu kwa sauti, huku akikohoa: "Mdogo wangu, mimi sitaki zawadi nyingine. Niletee asali ya Bibi tu." Kikohozi kilikuwa kimemkaa kwa muda, na yeye alikilaumu kiyoyozi kisichozimwa usiku wala mchana. Kwetu kifua kikisumbua, mkono wa kwanza unakwenda kwenye asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu kwa mbali, ambayo hata sokoni bei yake ni nyingine.

Sasa ndugu msomaji, nikueleze jinsi nilivyopanga mizigo, kwa sababu kosa lote liko hapo.

Mimi ni mtoto wa basi. Safari zangu zote, Sikonge hadi Tabora mjini, Tabora hadi Dar, zimekuwa za basi, na basi lina elimu yake. Elimu hiyo inasema hivi: cha thamani unakipakata. Buti ni la magunia ya mchele, madumu, magodoro na kuku wa watu. Ukiweka kitu cha maana kwenye buti, kinaweza kuvunjika, kumwagikiwa na samli ya mwenzako, au kushuka Nzega na mtu asiyekuwa wewe. Kwa hiyo nilifanya kama nilivyofundishwa. Asali nikaibeba mgongoni. Begi kubwa la kwenda chini nikalijaza viatu, suti ya kuazima, unga wa sembe kilo mbili kwa ajili ya dada, na pawabenki yangu ya 20,000 niliyoinunua kwa hela ya bumu. Pawabenki ni nzito, nikajiambia, na watu wamesema ndege ina chaja kwenye kiti. Ya nini kuibeba?

Wenzangu wa kongamano walikuwa wametangulia siku moja kabla. Rumeti wangu alinisindikiza hadi mlangoni, tukapiga picha tatu, akawahi daladala. Nikaingia peke yangu, kifua mbele.

Begi kubwa lilipimwa, likabandikwa karatasi, likaondoka kwenye mkanda. Nikapewa pasi ya kupandia ndege. Nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji, nikasikia jina langu linaitwa. Wewe fikiria: mara yako ya kwanza uwanja wa ndege, halafu jina lako linatajwa kwenye spika. Nilifikiria mkopo, nikafikiria cheti cha kuzaliwa, nikafikiria hata ile kesi ya kitabu cha maktaba ambacho sijarudisha.

Nilipelekwa chumba cha nyuma, begi langu liko mezani. Kijana mmoja akaniambia nilifungue mwenyewe. "Toa pawabenki," akasema. Nikatoa. "Hii haiendi chini hata siku moja. Unapanda nayo." Akanikabidhi mkononi, akaniambia nifunge begi.

Naomba uione picha hiyo vizuri, kwa sababu mimi ninaiona hadi leo. Begi la kwenda chini liko wazi mbele yangu, zipu yote imefunguka, na kati ya suti na unga kuna nafasi ya kutosha chupa. Asali iko mgongoni kwangu, inanikandamiza. Na mimi nikafunga zipu, nikasema asante kaka, nikaondoka.

Dakika ishirini baadaye nikawa kwenye ukaguzi wa usalama. Mkanda, viatu, simu, vyote kwenye trei. Begi la mgongoni likaingia kwenye mashine, mkanda ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena. Mama mmoja wa makamo mwenye sare akanivuta pembeni.

"Mwanangu, humu kuna nini?"

"Asali, mama. Ya bibi yangu."

Akaitoa taratibu, akafunua khanga kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Hii haipiti. Vimiminika mwisho ni mililita 100."

Nikamwambia asali si kimiminika, asali ni chakula. Akasema kinachomiminika ni kimiminika. Nikamwomba basi ninywe hapo hapo hadi zibaki mililita 100. Nilikuwa sitanii. Akatabasamu kwa huruma: "Hata ungebakisha kijiko kimoja, chupa ni ya lita moja na nusu. Tunahesabu chombo, hatuhesabu kilichomo."

Akanipa njia tatu. Nirudi kaunta nikaikabidhi kama mzigo wa chini, au nimpe aliyenisindikiza, au niiache. Niliangalia saa. Ule muda wa kuitwa chumba cha nyuma ulikuwa umekula akiba yangu yote, na abiria wa ndege yangu walishaanza kuitwa getini. Rumeti wangu simu yake haikupatikana. Mfukoni nilikuwa na hela ya kula siku tano, na kukabidhi mzigo wa pili kulikuwa na malipo yake.

Nikaiacha. Mama yule hakuitupa yeye. Alinionyesha pipa, mimi nikaiweka mwenyewe. Ilianguka kwa uzito wa zaidi ya kilo mbili, ikatoa sauti nzito. Kile kipande cha khanga nikabaki nacho.

Nilimwona dada Ijumaa jioni, pale Mutrah, kwenye ile barabara ya ufukweni iliyo mbele ya soko la zamani. Miaka minne si mchezo. Alikuwa amekonda, amekuwa na namna ya kusimama pembeni kama mtu anayesubiri kuagizwa. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukacheka. Halafu akaniangalia mikono.

"Iko wapi?"

Nikampa kile kipande cha khanga. Nikamweleza yote. Hakusema kitu. Alikiweka puani, akanusa kwa muda mrefu, kwa sababu asali ilikuwa imevuja kidogo njiani na khanga ilikuwa bado inanata. Kisha akakikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba. "Basi, mdogo wangu. Umefika wewe, imetosha."

Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika zaidi ya ushamba wangu. Lakini usiku ule ule Bibi akapiga simu. Alikuwa ameazima simu ya jirani na sauti imewekwa juu, kwa hiyo nusu ya kitongoji kilikuwa kinasikiliza.

"Umeipata?" akauliza.

Dada akaniangalia. Mimi nikatikisa kichwa kumwambia asiseme. Ni mimi niliyetikisa kichwa, naomba hili lieleweke.

"Nimeipata, Bibi," dada akasema. "Tamu ile ile."

Tulisikia vigelegele upande wa pili.

*

Niliporudi chuo nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka mtu wa kulaumu. Nilitaka kujua nani alikaa wapi akaamua kwamba asali ya bibi yangu ni hatari. "Ni sheria" halikuwa jibu la kunitosha. Nikaanza kusoma, usiku, wakati nilipaswa kuwa nasoma vitu vya supu. Nilichokikuta kilinituliza kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sheria zile zina sababu, na sababu zenyewe mtu yeyote anaweza kuzielewa akielezwa kwa lugha ya kawaida.

Habari ya mililita 100 ilianzia Uingereza. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa London walitangaza kwamba wamezima njama ya kulipua ndege kadhaa zilizokuwa ziruke kutoka Uingereza kwenda Marekani na Canada. Mabomu yalikusudiwa kuwa ya kimiminika, yaliyofichwa ndani ya chupa za vinywaji vya kawaida kabisa. Kwa muda hata maji ya kunywa hayakuruhusiwa kuingia nayo ndani ya ndege zilizotoka kule. Baadaye ukapatikana utaratibu wa kati, Umoja wa Ulaya wakauanza Novemba mwaka ule ule, na nchi nyingi zikaufuata: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote vikae kwenye kimfuko kimoja cha kuonyesha ndani, kinachofungwa, kisichozidi lita moja.

Na neno kimiminika pale ni pana kuliko la darasani. Linabeba chochote kinachomwagika, kinachopakwa au kinachopulizwa: losheni, mafuta ya mgando, dawa ya meno, manukato, shampuu, siagi ya karanga, samli, achari na asali. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto vina msamaha wake, ila unavitoa na kuvionyesha, na dawa ni vizuri iwe na cheti au karatasi ya daktari.

Kwa nini wasiangalie tu kama ni asali? Kwa sababu mashine nyingi za ukaguzi huona umbo na msongamano wa kitu, lakini kuamua kwa haraka kwamba kimiminika hiki ni asali na kile ni kitu kingine si kazi nyepesi kwao. Ndiyo maana sasa mambo yanaanza kubadilika pale zinapofungwa mashine mpya zinazopiga picha ya begi pande zote. Uwanja wa Edinburgh, kwa mfano, tangu 2025 unaruhusu chupa za hadi lita 2. Lakini usije ukafurahi mapema. Ukiunganisha ndege, kila uwanja unaokukagua una kanuni zake, na ule mkali kuliko wote ndio utakaoamua safari yako.

Halafu pawabenki. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba elimu yangu ya basi ilikuwa kichwa chini miguu juu. Betri za lithiamu zikiharibika ndani huweza kujipasha moto zenyewe hadi zikawaka, na moto wake ni mbishi. Ukitokea juu, kwa abiria, mtu ataona moshi, wahudumu watakuja na maji na vifaa vyao, na wamefundishwa. Ukitokea chini kwenye mizigo hakuna mtu wa kuona. Kwa hiyo betri ya akiba inakaa na mwenyewe, ndani, mahali inapoonekana. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, watu wote wakatoka hai, na wachunguzi wakasema pawabenki huenda ndiyo chanzo. Baada ya hapo mashirika yakaanza kubana zaidi. Emirates tangu Oktoba 1, 2025 wanaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, na hairuhusiwi kuitumia ndani ya ndege.

Ukubwa nao una kipimo: wati-saa 100, alama yake Wh. Kama pawabenki yako imeandikwa mAh tu, fanya hesabu ya form two: zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1,000. Yangu ya 20,000 kwa volti 3.7 inatoa 74, kwa hiyo iko salama. Ikizidi 100 hadi 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Ikizidi 160, iache nyumbani. Na kama maandishi yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuikataa, maana hana cha kusoma.

Kitu kingine nilichokigundua ni kwamba tunaposema "sheria za begi la mkononi" tunazungumza kana kwamba ni sheria moja ya mtu mmoja. Kumbe ni milango minne, na kila mlango una mwenyewe. Usalama wanaogopa kinachoweza kuwa silaha: kisu, mkasi mrefu, wembe, kimiminika kingi. Wenye vitu hatari wanaogopa kinachoweza kuwaka au kulipuka: betri, gesi, viberiti, petroli. Shirika la ndege linaogopa uzito na nafasi. Mengi huku kwetu yanakupa kilo 7 za mkononi, na begi lenyewe tupu nalo linahesabiwa. Na forodha ya nchi unayokwenda inaogopa magonjwa ya mimea na wanyama, kwa hiyo nyama, mbegu, maziwa na hata asali vinaweza kupita milango mitatu vikakwama wa nne. Hakuna mlango hata mmoja unaouliza kitu hiki kina maana gani kwako. Hilo si kazi yao. Ni kazi yako kukifikisha kila mlangoni kikiwa katika hali inayopita.

Asali yangu ingepita vizuri tu uwanjani ikiwa chini. Hicho ndicho kilichoniuma. Haikuwa marufuku kuingia kwenye ndege. Ilikuwa kwenye begi ambalo si lake, kama pawabenki nayo ilivyokuwa kwenye begi ambalo si lake. Nilikuwa nimebadilishana vitu viwili tu.

*

Likizo iliyofuata nilikwenda Sikonge. Nilifika jioni, nikasema shikamoo Bibi, akaitikia marahaba mume wangu, akanipa maji ya kunawa. Kisha akaingia ndani, akatoka amebeba dumu la lita tano kwa mikono miwili.

"Hii nimeanza kuikusanya tangu uliporudi," akasema. "Ile ndogo imemponya kifua. Sasa apelekewe ya kutosha."

Asali ya nyuki wadogo haipatikani kwa dumu. Kiota kimoja kinatoa kidogo sana. Bibi alikuwa ameuza mbuzi mmoja ili kununua kwa warinaji wawili tofauti, vikombe kwa vikombe, miezi yote hiyo. Nililiangalia lile dumu, nikajua kwamba uongo wangu wa Mutrah umefika hapa na una ujazo wa lita tano.

Nikamwambia. Nilianza na chumba cha nyuma, nikaja kwenye pipa, nikamaliza na kichwa nilichokitikisa. Bibi alisikiliza akichambua mboga, hakuinua macho.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo nani aliila?"

"Hakuna, Bibi. Ilitupwa."

"Asali? Ikatupwa?" Hapo ndipo alipoinua macho. Nadhani ningemwambia polisi waliila angeumia kidogo kuliko vile.

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Mimi kuna watu niliwaambia mjukuu wangu amepona kwa asali yangu. Mama wa pale kwenye kisima mtoto wake anakohoa, nikampa ya kwangu, nikamwambia hata Uarabuni imefanya kazi. Sasa umenifanya mimi niwe mwongo na uzee huu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ungeniambia siku ile ile, mume wangu, warinaji walikuwa bado hawajatoka porini. Angepelekewa nyingine mwezi ule ule. Amekaa mwaka mzima bila asali kwa ajili ya aibu yako."

Sikuwa na jibu. Nimesoma sheria za nchi ngapi sijui, nimejua hadi hesabu ya wati-saa, lakini kwenye kitabu chochote sikukuta mstari uliosema hivyo. Kutojua kwangu kulipoteza chupa moja. Kilichompotezea dada mwaka ni kuona aibu kusema kwamba sikujua. Na naamini hapa chuoni tuko wengi wa namna hiyo. Tunapata nafasi ya kwenda Nairobi, Kigali, Istanbul, tunaogopa kuuliza waliotutangulia kwa sababu swali litatufanya tuonekane washamba. Basi tunakwenda kuulizia mbele ya pipa.

Kwa hiyo nimeandika karatasi, nimeibandika nyuma ya mlango wa chumba chetu hosteli. Anayesafiri anakuja kuipiga picha, na wewe nakuruhusu uinakili. Juu, pamoja nawe: pasipoti, vyeti, dawa zako, hela, laptopu, simu, pawabenki na betri za akiba, vimiminika vidogo vya mililita 100 kushuka ndani ya kimfuko chao, na chupa tupu ya maji utakayoijaza ukishavuka ukaguzi. Chini: chochote cha kumiminika kinachozidi hapo, mikasi, visu vya zawadi, wembe, vyakula vizito, vyote vimefungwa mara mbili kuzuia kuvuja. Usichukue kabisa: gesi, petroli, fataki, na mzigo wa mtu ambao hujauona ndani. Kisha mstari wa mwisho nimeupigia chini: soma kanuni za shirika lako na za kila uwanja utakaopita wiki moja kabla, kwa sababu zinabadilika.

Ile dumu ya lita tano ilipataje kusafiri? Rafiki wa dada, anayefanya kazi naye mtaa mmoja, alikuja likizo Tabora mwezi ule ule. Kabla ya kukubali aliuliza shirika lake la ndege, akamwomba na mwajiri wake amuulizie forodha ya kule. Akasema atachukua lita mbili tu, hizo zinatosha. Bibi alikuwa ameshazifunga tayari, nailoni, mpira wa tyubu, khanga na kila kitu, lakini yule dada akaomba radhi kwa adabu, akapiga goti, akasema, "Bibi, naomba nizifungue." Akafungua zote mbili mbele yetu. Akanusa, akachovya kidole, akaonja. Akamimina mwenyewe kwenye vyombo vigumu alivyokuja navyo, akakaza mifuniko, akavitia kwenye mifuko miwili miwili, akaviweka katikati ya nguo kwenye begi la chini. Bibi alikuwa anatazama kila hatua kama mtahini.

Siku ya safari yule dada alinitumia ujumbe kutoka uwanjani. Aliandika: "Wameniuliza kama begi nimelifunga mwenyewe. Nimesema ndiyo."